Mke wa Mzee Mulinge

Walimleta Syombua kwangu Jumatano jioni, mimi ndiyo nafika kutoka maombi ya akina mama. Gari la ofisi ya watoto lilikuwa limesimama kwa geti, na Madam Nthambi alikuwa amekaa kiti cha mbele, hashuki. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Siku zote yeye hushuka kabla ya wengine.

Mimi ni mama mlezi. Serikali ikimtoa mtoto mahali na haijajua atalala wapi, analala kwangu hapa Mwakingali, mjini Voi, mpaka ijue. Nilianza baada ya kumzika mzee wangu, nyumba ilipobaki na vitanda na haina watu. Madam Nthambi naye ndiye anayewafundisha maafisa wapya wa watoto. Wanatoka chuo na vyeti vyao, wanakaa chini yake mwaka mzima ndipo waachiwe eneo. Huwaleta kwangu, anawaketisha jikoni na kuwapa visu.

"Leo hamna mdomo," huwaambia. "Leo mna macho na masikio. Menyeni viazi."

Basi wanamenya, na mtoto aliyeletwa anapita, anatoka, anarudi, mwisho anakaa karibu nao na kuanza kusema mwenyewe. Wengine huchoka na kushika simu. Madam huwa anaona, ila hasemi kitu siku hiyo.

Aliyemshusha mtoto kwa gari alikuwa Danson. Huyu aliletwa kwetu mwaka huu, kijana mrefu, mpole, amelelewa Nairobi. Alikuwa amemshika msichana mkono.

"Habari ya jioni, mama. Huyu ni Syombua. Ana miaka sita. Ni dharura."

"Karibuni. Ametoka wapi?"

"Rukanga."

Msichana alinitazama juu mpaka chini. Alikuwa amejifunga leso kiunoni juu ya sare ya shule, kama mama wa kwenda sokoni. Madam Nthambi aliteremsha kioo cha gari.

"Mama Morris, tutaongea kesho," alisema, na gari likaondoka.

Usiku ule mtoto hakulia. Afadhali angelia. Alikataa ugali, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kuniuliza mambo yake moja moja.

"Nani atampea babu dawa ya presha?"

"Atakunywa mwenyewe."

"Hawezi. Huwa anasema amekunywa na hajakunywa. Wanaume ni waongo, lazima usimame hapo uone koo ikimeza." Akafikiri. "Na nani atafunga mbuzi?"

"Majirani watafunga."

"Jirani gani? Yule wa chini? Yule hata zake hafungi."

Nilicheka kidogo, nikanyamaza, kwa sababu yeye hakuwa anacheka. Nilimuuliza nani alimfundisha kusema hivyo.

"Nyanya. Nyanya alikufa. Sasa mimi ndiyo Syombua, mimi ndiyo mke wa babu."

Nikajua papo hapo kilichompata. Mtu yeyote wa huku angejua. Wakamba humpa mtoto jina la nyanya yake, na mtoto akishapewa jina amepewa na nafasi. Babu atamwita mke wangu, atamtuma maji ya kunywa, atamnunia akichelewa, na wageni watacheka. Hata sisi Wataita tuna utani huo. Mjukuu wangu wa Wundanyi ana jina la marehemu mzee wangu, Mwadime, nami tangu azaliwe namwita mume wangu. Simu ikilia na ni yeye, nasema, "Mume wangu, umekula?" Ananijibu, "Nimekula, mke, wewe je?"

Kesho yake Madam alikuja peke yake, akanieleza. Alikuwa amewapeleka wanafunzi wake upande wa Kasigau kujifunza kuongea na watoto. Aliwagawa. Yeye alibaki na kundi moja Makwasinyi, Danson na mwenzake wakaenda shule ya Rukanga. Danson alikaa na watoto wakichora nyumba zao. Syombua, anayelelewa na babu yake peke yake tangu nyanya afe, alichora nyumba yenye vitanda viwili, na watu wawili.

"Huyu ni nani?" Danson alimuuliza.

"Babu."

"Na huyu?"

"Mimi. Mimi ni mke wake."

"Nani amekuambia wewe ni mke wake?"

"Babu."

"Unalala wapi?"

"Kwa kitanda ya nyanya. Chumba ya babu. Ndovu wakikuja usiku ananishika."

Danson alitoka nje. Halafu alifanya kile alichofundishwa darasani kwamba ukisikia neno la namna hiyo usingoje kesho. Alipiga simu polisi. Madam alipofika kutoka Makwasinyi, mtoto alikuwa tayari ndani ya gari na polisi wawili walikuwa wamesimama na Mzee Mulinge, yule babu, katikati ya uwanja wa shule. Wazazi waliokuja kuchukua watoto walikuwa wamejaa kwenye ua, wanatazama.

"Nilijua palepale," Madam aliniambia. "Mama Morris, mimi nimezaliwa kwa mzee kama huyo. Babu yangu aliniita mke wake mpaka siku ya harusi yangu. Akamtoza bwana harusi mbuzi, eti ameibiwa mke. Watu walicheka mpaka chakula kikapoa."

"Basi si ungesema?"

"Mtoto akishatolewa na polisi, hawezi kurudishwa kwa kusema. Lazima daktari aone, lazima uchunguzi, lazima korti ya watoto."

"Lakini uchunguzi ungeufanya wewe, ungekuwa umeisha wiki hii."

Alizungusha kikombe chake cha chai. Ni mwanamke mnene, ana sauti ya kanisani, na siku hiyo sauti hiyo hakuja nayo.

"Nikiufanya mimi, nitaufanya nikiwa na babu yangu kichwani. Nitaingia kwa huyo mzee nikiwa nimeshamsamehe. Na siku moja nitaingia kwa mzee mwingine anayemwita mtoto mke wangu, na yeye hatanii, nami nitacheka kama wote. Umewahi kufikiria hilo?"

Sikuwa nimefikiria.

"Danson hajawahi kuwa na babu. Wote walikufa kabla hajazaliwa. Yeye ndiye asiyeweza kucheka. Acha aulize. Nikimwambia jibu, atajua neno moja la Kikamba. Akilitafuta, atajua kutafuta."

"Na mtoto?"

"Mtoto yuko salama kwako."

Ilikuwa kweli. Alikuwa salama, anakula, analala. Nikaosha vikombe.

Daktari alimwangalia Syombua hospitalini, akasema mtoto hana neno. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Tulipotoka aliniambia kwamba nyanya hakuwahi kufanyiwa hivyo, na hatukuliongelea tena.

Nikamzoea. Alikataa kimanga changu, muhogo na maharagwe ya kupondwa, akasema hicho ni chakula cha wasio na meno, nikatafuta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, sokoni kwa mama mmoja wa Kikamba, ndipo akala. Asubuhi alifagia uwanja kabla sijaamka. Jumapili tulienda kanisani na yeye akaimba nyimbo zote hata asizozijua. Kila jioni aliniuliza kama babu amekunywa dawa, nami kila jioni nilijibu sijui. Sikumdanganya. Nilipiga magoti kumwombea yule mzee, na maneno yalitoka, yakapangika, yakaisha. Nilikuwa nikisali hivyo tangu nimzike mume wangu. Nilijua Mungu anasikia. Mimi ndiye sikuwa nasikia kitu.

Mzee alikuwa amekatazwa kuja mpaka uchunguzi uishe. Hakuja. Wengine huja usiku, husimama kwa geti na kupiga kelele. Yeye alitii, na sikujua kama kutii kwake ni kuzuri au ni kubaya.

Danson alienda Rukanga mara nyingi. Akirudi alipitia kwangu bila kutumwa, akachukua kisu mwenyewe na kukaa na viazi. Siku moja alikuja na vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama, leo nimemuuliza chifu," alisema. "Amecheka. Jana nilimuuliza mzee wa kanisa. Akacheka mpaka akakohoa. Mwalimu akaniuliza mimi ni kabila gani. Kuna nyanya mmoja hapo dukani akaniambia, kijana, hata mimi nina mume, yuko darasa la pili, na leo amelala na njaa kwa sababu amenikosea."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikacheka na wao." Alimenya kiazi mpaka kikabaki kidogo. "Mama, hata wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na Madam?"

Niliinama nikaokota maganda ya viazi. Danson alitazama mlango wa chumba ambako Syombua alikuwa anamwimbia mwanasesere, kisha akatazama kisu.

"Sawa," alisema.

"Na mzee mwenyewe? Alicheka?"

"Hapana. Yeye ndiye pekee hakucheka. Nikimuuliza anajibu. Kwa nini analala naye chumba kimoja? Anasema nyumba ni vyumba viwili, na kile kingine ukuta wake ulisukumwa na ndovu mwaka jana, unaweza kuuona. Niliuona. Anajibu kama mtu anayehesabia polisi mali iliyoibiwa."

Ripoti ya Danson ilikuwa nzuri. Madam mwenyewe aliniambia, na si mtu wa kusifu. Korti iliamuru mtoto arudishwe kwa babu yake. Siku hiyo Syombua alifunga nguo zake katika ile leso, akakaa mlangoni tangu asubuhi, na dereva alipofika alimwambia amechelewa.

Tulikuwa watano ndani ya gari: dereva na Madam mbele, mimi na Danson nyuma, mtoto katikati yetu. Tulishika barabara ya Maungu, tukakunja kuelekea Kasigau. Mtoto alikuwa anampangia Danson kazi.

"Ukifika kwetu usikae kwa stuli ya nyanya. Hiyo ni yangu."

"Sawa."

"Na babu akikupea maziwa ya mgando, kunywa. Ukikataa atasema wewe ni wa Nairobi."

"Mimi ni wa Nairobi."

"Usimwambie."

Tulimkuta Mzee Mulinge ukingoni mwa shamba, anafunga vipande vya mabati kwenye waya ili upepo ukivuma vigongane na kuwafukuza ndovu. Alikuwa amekonda. Shati lake lilikuwa safi, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Syombua alimkimbilia. Na yule mzee, nilimwona kwa macho yangu, alirudi nyuma. Hatua moja, halafu nyingine, mpaka mgongo ukagusa waya na mabati yakalia. Alinyoosha mkono mbele kama mtu anayesimamisha gari, akamshika mtoto kichwani kwa vidole tu.

"Umekua," alisema.

"Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa."

"Muongo."

Hakucheka. Alimtuma akaangalie mbuzi waliozaliwa, na mtoto alipokwenda alitugeukia.

Madam alimsalimia kwa Kikamba, kwa heshima yote, akamsomea neno la korti. Mzee alisikiliza akiwa ameshika koleo.

"Asanteni," alisema kwa Kiswahili, ili sisi wote tusikie. "Mmenisafisha. Lakini mtoto simchukui."

"Mzee, hakuna lawama tena juu yako," Danson alisema. "Nimeandika mwenyewe. Nilikosea, naomba unisamehe."

"Kijana, hukukosea. Kama ningekuwa mtu mbaya, ungekuwa umemwokoa. Nimelala nikifikiria hilo, nimekosa pa kulishika. Sina mtu wa kumkasirikia. Ingekuwa rahisi kama ningekuwa naye."

"Basi mbona unamkataa?"

Mzee alitazama upande wa zizi. Sauti ya mtoto ilikuwa inakuja, anamgombeza mbuzi.

"Watu waliwaona polisi uwanjani. Hii karatasi hawajaiona. Hata wakiiona. Wananicheka pamoja na wewe, halafu jioni mama mmoja anamwita binti yake asipite kwangu. Nimesikia kwa masikio haya. Na siyo wao tu." Alilaza koleo chini. "Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Namtoa miiba. Ndovu wakija namshika asipige kelele. Sasa hata akiwa hayupo, naitazama mikono yangu. Akirudi, nikitaka kumtoa mwiba nitaangalia kama kuna mtu ananiona. Nikikuta hakuna, nitaogopa zaidi. Mtoto atalelewaje na mtu kama huyo?"

Nilimtazama Madam Nthambi. Alikuwa mwenye kujua la kusema kila mahali, hata kwenye mazishi. Alifungua mdomo.

"Mwaitu," mzee alimwambia, jina ambalo Mkamba humwita mama yake, akamzuia kwa upole. "Wewe ulijua siku ile. Nilikuona usoni ulipofika. Nikasema moyoni, huyu ni wa kwetu, atasema. Nikangoja useme."

Upepo ulikuja, mabati yakalia mstari mzima. Madam alikunja karatasi ya korti na kuirudisha kwenye mkoba.

"Ndiyo, baba," alisema. "Nilijua."

"Akae na huyu mama," mzee alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Ana macho yaliyotulia. Mimi nitakuja kumwona mchana, barazani, mahali pa watu."

Mimi ndiye niliyekwenda kumtoa mtoto zizini. Nilimwambia babu amesema tukae Voi kwanza. Aliniuliza hiyo kwanza ni mpaka lini, nikasema sijui. Hakubishana. Alifungua leso, akatoa mwanasesere na kumwacha juu ya stuli ndogo iliyokuwa mlangoni, akapita mbele ya babu yake na kumpa mkono kama mgeni anayeaga. Mzee aliupokea kwa mikono miwili, akauachilia.

Mlima Kasigau ulikuwa nyuma yetu, na vumbi jekundu likaufunika. Danson alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nafikiria mjukuu wangu. Jioni iliyotangulia alinipigia simu, na nilipoona jina lake nilisema, "Mwadime, hujambo." Kisha nikasikia anamwambia mama yake, "Nyanya ameniita jina." Nilikuwa nimelimeza lile neno langu bila kukusudia, na nilipotaka kulirudisha halikuja.

Karibu na Maungu ndipo Syombua aliposema.

"Babu ameniacha?"

Aliuliza bila machozi, kama mke anavyouliza mbele ya wazee, kama ni kweli ameachwa au ni maneno ya watu. Dereva alipunguza mwendo. Mimi nilitafuta jibu lisilokuwa uongo. Madam Nthambi hakugeuka, lakini nilimwona anamtafuta Danson kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

"Mjibu," alisema.

"Madam, mimi..."

"Mjibu. Leo una mdomo."

Danson alilowesha midomo. Alimgeukia mtoto, akamwangalia usoni, na lazima niseme kwamba hakukwepa.

"Babu hajakuacha," alisema. "Mimi ndiye niliyekutoa kwake. Nilisikia neno nikalielewa vibaya. Sasa babu anaogopa. Si kosa lako na si kosa lake."

Syombua alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtoto wa kusikiliza mpaka mwisho.

"Basi nirudishe," alisema.

Danson alimtazama Madam, na Madam alikuwa anatazama barabara. Dereva aliangalia lori lililokuwa linatoka Mombasa, akalingoja lipite, kisha akakunja kushoto kuelekea Voi.